Usukani Unaokataa Asubuhi: Namna ya Kutafuta Ugonjwa wa Motokari Wakati wa Baridi



Mwezi wa sita na mwezi wa saba, sisi tunaokaa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tunajua baridi ni nini. Nchi yetu iko juu, zaidi ya metre 1200 kupita bahari, na usiku wa majira haya hakuna mawingu ya kufunika udongo. Joto lote la mchana linapanda na kupotea. Hivi asubuhi mapema kipimo cha joto kinashuka chini ya digri 10, na siku fulani kinakaribia digri 5. Kisha jua linapanda, na saa nane ya mchana tunavua makoti tena.

Baridi hiyo inashika watu: kikohozi, mafua, maumivu ya viungo. Lakini inashika mashine pia. Leo, kwenye ukurasa huu wa usalama na afya, nataka kuzungumza juu ya usukani wa motokari, ndio volani kama tunavyosema kazini: sababu gani unakaza wakati wa baridi, na namna gani ya kutafuta ugonjwa wake mbele haujaleta msiba.

Mtauliza: «Msaidizi wa munganga anatafuta nini kwenye garaji? Kazi yake si sindano na vidonge?» Swali ni zuri. Nitalijibu kwa kuwasimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe.

BEGA LA SHOFERE

Mbele ya kuja kutumika hapa, nilitumika kwenye dispanseri ya kampani moja ndogo ya usafirishaji. Kila asubuhi bisi zake zilipeleka wafanyakazi kwenye zamu ya kwanza. Mwezi wa saba, shofere mmoja wa bisi, baba wa watoto sita, alikuja kwangu akishika bega la kuume. Nilimpapasa, nikamwambia ni misuli iliyochoka. Nikampa vidonge vya maumivu na dawa ya kupakaa. Alirudi kisha wiki moja: bega bado. Nikamwongezea vidonge.

Siku tatu kisha, asubuhi saa kumi na moja na nusu, bisi yake ilikosa kona. Njia ilikwenda kushoto, bisi ikaenda mbele, ikaacha njia na kugonga kichuguu. Mnajua vichuguu vyetu: vingine vinapita urefu wa nyumba. Hakuna aliyekufa, na kwa hilo tulimshukuru Mungu. Lakini kijana mmoja aliyekuwa amesimama karibu na mlango alivunjika mkono, na wengine wakapasuka vichwa na midomo.

Nilipokuwa nikimsafisha shofere damu ya usoni, aliniambia neno hili: «Munganga, nilizungusha volani kwa nguvu zangu zote. Ilikataa. Asubuhi inakataa kila siku.» Nikamwuliza: «Na bega lako linauma saa gani?» Akajibu: «Asubuhi tu, kazini. Siku ya kupumzika haliumi.»

Wandugu, swali hilo la «saa gani» ningeliuliza siku ya kwanza. Ni swali la kwanza wanalotufundisha shuleni. Mimi niliangalia bega, sikuangalia kazi ya bega. Kosa la asubuhi ile lilikuwa na sehemu yangu ndani yake, na sitalisahau. Ndiyo maana ninaandika.

SABABU GANI GARAJI HAIKUONA KITU

Tulimwuliza shofere: «Ulisema garaji?» Alikuwa amesema mara mbili. Kila mara waliichukua bisi mchana, saa nane, jua linawaka na motere imetumika tangu asubuhi. Walizungusha volani, ikazunguka vizuri kama ya motokari mpya. Wakaandika kwenye kaye: «Hakuna ubaya.» Mara ya pili mmoja alicheka, akamwambia anatafuta kupumzika. Toka siku ile shofere alinyamaza. Aliona haya, na aliogopa kuitwa mvivu.

Ninyi mnaojua malaria mtaelewa mambo haya upesi. Mgonjwa ana homa kali usiku, anatetemeka hata kitanda kinalia. Asubuhi homa imeshuka. Akija dispanseri na ukamgusa paji la uso tu, utasema: «Mtu huyu ni mzima.» Lakini ugonjwa uko ndani, unangojea saa yake. Ugonjwa wa usukani wakati wa baridi ni vilevile. Motokari inayougua asubuhi, lazima uipime asubuhi.

Basi kesho yake tulikwenda watatu, saa kumi na moja asubuhi: fundi mmoja mzee, shofere, na mimi. Bisi haikuwa imeharibika sana, na motere yake iliwaka. Shofere alipozungusha volani, mkaba wa pompi ulilia kama nguruwe. Fundi alizima motere, akafungua chombo cha mafuta ya usukani, akatia kijiti. Mafuta yaliyotoka yalikuwa mazito na meusi, yanashuka polepole kama asali. Mtu alikuwa ameongeza mafuta mazito ya motere, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu. Na mkaba ulikuwa umechakaa na kulegea.

Wakati wa joto, mafuta yale yalikuwa mepesi ya kutosha na mkaba ulivumilia. Wakati wa baridi, mafuta yakawa mazito, pompi ikashindwa kuyavuta, mkaba ukateleza, na kazi yote ikaangukia bega la shofere. Walimwaga mafuta, wakasafisha, wakatia mafuta yanayoandikwa kwenye kitabu cha bisi na mkaba mpya. Bega lilipona kwa wiki chache, bila vidonge vingine.

NAMNA USUKANI UNAVYOTUMIKA

Ili kutafuta ugonjwa, ni lazima kujua mwili. Motokari nzito, na hata nyingi ndogo, hazigeuzwi kwa nguvu za mikono peke yake. Kuna msaidizi. Motere inazungusha mkaba, mkaba unazungusha pompi. Pompi inavuta mafuta kutoka chombo chake na kuyasukuma kwa nguvu kwenye sanduku la usukani. Shofere akigeuza volani kidogo, mlango mdogo ndani ya sanduku unafunguka, mafuta yanasukuma upande ule, na magurudumu yanageuka. Kisha mafuta yanarudi chomboni.

Linganisheni na mwili wetu: pompi ni moyo, mafuta ni damu, mabomba ni mishipa. Nguvu ya mafuta hayo inaweza kupita kilo 100, na upepo wa gurudumu la lori ni kama kilo 7 au 8 tu. Kumbukeni hesabu hiyo, tutairudia chini.

Kisha kuna viungo vya chuma: fimbo za kusukuma magurudumu, rotili, na vyuma ambavyo magurudumu ya mbele yanageukia juu yake. Hivyo vyote vinakula grisi. Ni kama magoti na viwiko vyetu.

Motokari nyingine za kisasa hazina pompi wala mafuta ya usukani. Zina motere ndogo ya umeme inayosaidia volani. Hizo nazo zina ugonjwa wao wa baridi, nitausema.

SABABU GANI BARIDI INAUKAZA

Sababu ni nyingi, na kila moja ina alama yake.

Mafuta mazito. Mama akiacha mafuta ya mawese karibu na dirisha wakati wa baridi, asubuhi anayakuta yameganda. Mafuta ya usukani hayagandi hivyo, lakini yanakuwa mazito, zaidi kama si yale yaliyoandikwa kwenye kitabu cha motokari. Alama yake: volani nzito pande zote mbili dakika za kwanza, kisha inalegea polepole motere ikipata joto.

Mkaba uliolegea au kuchakaa. Baridi inaukausha, umande unautelezesha, na mafuta mazito yanaupa kazi kubwa kupita nguvu zake. Alama yake: sauti kali ya kulia wakati wa kugeuza, na volani inayokaza ghafula, inalegea, inakaza tena.

Mafuta kidogo, au upepo ndani ya mafuta. Kama mafuta yamepungua, pompi inavuta upepo pamoja nayo. Alama yake: pompi inanguruma, na ukifungua chombo unaona povu kama la sabuni. Mafuta hayapungui bure. Yakipungua, kuna pahali yanapovuja.

Mipira midogo ya ndani iliyochakaa. Katika miaka ya 1980 mafundi wa Marekani waliona ugonjwa huu kwenye motokari ndogo nyingi: asubuhi usukani ulikaza, mara nyingi upande mmoja kushinda mwingine, na baada ya dakika chache ulipona. Waliupa jina la ugonjwa wa asubuhi, jina lilelile wanaloliita kichefuchefu cha mwanamke mwenye mimba. Pete za ndani zilikuwa zimekwangua chuma laini na kufanya mifereji, na mafuta yakapita pembeni. Pete zikipata joto zilifunga tena. Ugonjwa huo hauponi kwa kuongeza mafuta. Sanduku la usukani linahitaji kutengenezwa au kubadilishwa, na usipoutengeneza, dakika za kukaza zinaongezeka kila mwaka.

Grisi iliyokauka. Viungo vya mbele vikikosa grisi, au grisi ikiwa ya zamani na kuchanganyika na vumbi la mgodi, baridi inaifanya ngumu kama udongo. Alama yake: ukimaliza kona, volani hairudi katikati yenyewe. Lazima uirudishe kwa mikono.

Kiungo kikavu kwenye mti wa volani. Chini ya volani, mti wake una viungo vidogo vinavyopinda. Maji na kutu vikiingia, vinashika. Alama yake: volani inakaza pahali palepale katika kila mzunguko, nyepesi, nzito, nyepesi, nzito.

Upepo mdogo kwenye magurudumu. Upepo ukipoa unapungua nguvu. Gurudumu la lori lililopewa kilo 7 mchana kwenye digri 28 linapoteza karibu nusu kilo asubuhi kwenye digri 8. La motokari ndogo lenye kilo 2 linapoteza kama 0,2. Kama lilikuwa limepungua tangu mwanzo, volani itakuwa nzito, zaidi motokari ikisimama au kwenda polepole. Kwa hiyo pimeni upepo asubuhi mbele ya kutoka, si kisha safari, maana joto la njia linadanganya kipimo.

Batri iliyochoka. Hii ni kwa motokari zenye usukani wa umeme. Asubuhi ya baridi batri ina nguvu kidogo, na motere ya kuwasha imekwisha kuinywa. Alama yake: taa ya usukani inawaka kwenye kioo cha vipimo, na volani inakuwa nzito. Ukiona taa hiyo, usifikiri ni pambo tu.

MASWALI MATANO YA KUULIZA

Munganga mzuri anauliza mbele ya kugusa. Fundi na shofere wafanye vilevile. Haya ndiyo maswali, na majibu yaandikwe kwenye kaye ya motokari:

1. Saa gani inakaza? Kama ni asubuhi tu, fikiri mafuta, mkaba, pete za ndani, batri. Kama ni siku nzima, fikiri pompi, viungo, au upepo wa magurudumu.

2. Inakaza muda gani? Dakika 2, dakika 10, au hata kilometre 20? Kama muda unaongezeka kila wiki, ugonjwa unakua.

3. Upande gani? Kushoto, kuume, au pande zote mbili?

4. Kuna sauti gani? Kulia kwa mkaba, kunguruma kwa pompi, au kugonga kwa chuma?

5. Nini kilifanywa juzi? Nani aliongeza mafuta, na mafuta gani? Nani alibadilisha mkaba au magurudumu? Magonjwa mengi yanaanza siku ya matengenezo. Ndivyo ilivyokuwa kwa bisi niliyowasimulia.

JARIBIO MOJA KWA MAFUNDI

Fundi yule mzee alinionyesha jaribio linalotenga ugonjwa wa mafuta na ugonjwa wa viungo. Linafaa motokari ndogo, bisi na malori ya njia. Fanyeni mbele ya motokari kupata joto.

Zuieni magurudumu ya nyuma kwa vipande vya mbao. Inueni mbele kwa kriki, kisha tieni vigingi vya chuma chini yake. Kriki peke yake haitoshi: watu wamepondwa na motokari iliyoanguka toka kriki. Motere ikiwa imezimwa, fungueni ufunguo ili volani isifungwe, kisha izungusheni polepole toka mwisho mmoja hata mwisho mwingine.

Kama inazunguka nzito kidogo lakini sawasawa, viungo ni vizima. Tafuteni kwenye mafuta, pompi na mkaba. Kama inashika pahali fulani, au inakataa, ugonjwa uko kwenye chuma: rotili, vyuma vya magurudumu, mti wa volani, au sanduku lenyewe. Kujua ni lipi, tenganisheni fimbo inayotoka kwenye sanduku. Kama volani sasa ni nyepesi na magurudumu ni magumu kwa mkono, tatizo liko kwenye magurudumu. Kama magurudumu ni mepesi na volani ingali ngumu, tatizo liko juu.

Jaribio hili linakula muda mfupi, na linazuia kununua pompi mpya wakati ugonjwa ni rotili moja iliyokauka.

ASUBUHI, MBELE YA KUTOKA

Ninyi mashofere, pateni desturi hii wakati wa baridi:

Zungukeni motokari kwa miguu. Angalieni magurudumu, na chini kama kuna doa la mafuta. Angalieni chombo cha mafuta ya usukani kama kitabu kinavyosema.

Washeni motere, muache izunguke polepole dakika chache nje, pahali penye upepo. Geuzeni volani pole kushoto na kuume mara nne au tano. Mkifika mwisho, msiishike pale kupita sekunde tano. Pale mafuta hayana njia, yanachemka upesi na kuua pompi.

Kisha tembeeni polepole ndani ya kiwanja. Jaribuni usukani na freni pahali ambapo kosa halitagonga mtu. Kama volani ni nzito kupita desturi, usitoke. Mwite kapita, andika kwenye kaye saa na namna ilivyokaza. Afadhali zamu ichelewe nusu saa kuliko wafanyakazi kufika lopitali.

Ninyi mnaoendesha malori makubwa ya kubeba mawe mgodini, shikeni jambo hili zaidi. Kwenu mara nyingi magurudumu yanageuzwa na mafuta peke yake. Mafuta yakikosa nguvu, mikono haiwezi kuokoa. Mashine ina akiba ya nguvu kwa wakati wa hatari, lakini inatosha kugeuza mara chache tu, ya kufika pembeni na kusimama. Taa ya usukani ikiwaka, simameni palepale panapofaa. Msijaribu kumaliza safari.

KAMA INAKAZA NJIANI

Usiogope na usizime motere. Motere ikizimwa, msaada uliobaki unapotea, na ukitoa ufunguo, kwenye motokari nyingi volani inafungwa kabisa. Shika volani kwa mikono miwili. Punguza mwendo pole kwa freni na kwa vitesi. Washa taa za hatari. Kwenye motokari za njia volani bado inageuka, lakini inataka nguvu nyingi na muda mwingi, kwa hiyo anza kona mapema. Simama pembeni, tia alama ya hatari nyuma, na uite garaji.

Na vidole gumba viwe nje ya volani, si ndani, zaidi kwenye njia ya mawe. Gurudumu likigonga jiwe, volani inaweza kurudi kwa nguvu na kuvunja kidole.

HATARI TATU ZA MWILI

Sasa ninarudi kwenye kazi yangu mwenyewe.

Ya kwanza. Usitafute kamwe tundu la mafuta kwa kidole. Mmekumbuka kilo 100? Mafuta yanayotoka kwa tundu dogo kama la sindano yanapenya ngozi. Mtu anaona alama ndogo tu kwenye kidole, haiumi sana, anajifuta na kuendelea na kazi. Masaa machache baadaye kidole kinavimba, kinakuwa cheupe au cheusi, maumivu ni makali. Mafuta yanaua nyama ndani, na watu wamekatwa vidole na hata mikono. Ikikupata, usingoje uvimbe. Nenda lopitali palepale, sema: «Mafuta ya nguvu yameingia ndani ya ngozi», na utaje mafuta gani. Hiyo ni kazi ya munganga wa kupasua, na ni ya masaa, si ya siku. Tundu linatafutwa kwa kipande cha karatasi ngumu au ubao, na miwani ya kazi machoni.

Ya pili. Usipashe motere joto ndani ya garaji iliyofungwa. Moshi wake una sumu isiyo na rangi wala harufu. Inashika damu na kuizuia kubeba hewa. Mtu anaumwa kichwa, anasikia usingizi, analala, haamki. Sumu hiyohiyo inatoka kwenye mbabula ya makala. Mama, usilaze watoto kwenye chumba kilichofungwa na mbabula inawaka, hata baridi ikiwa kali namna gani. Pasha chumba mlango ukiwa wazi, kisha toa mbabula nje mbele ya kulala.

Ya tatu. Lutuku haipashi mwili joto. Inafungua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakuja juu, unasikia joto. Lakini joto lile linatoka nje, na mwili wa ndani unapoa. Tena inachelewesha mikono na macho. Shofere aliyekunywa, na usukani mzito, na ukungu wa asubuhi: hayo ni mambo matatu ambayo yakikutana, mimi ndiye nitakayeitwa. Kunywa chai ya moto, vaa koti na glavu zisizoteleza, zungusha mabega yako mara kumi mbele ya kupanda.

NENO KWA MAMA NYUMBANI, NA KWA WAKUBWA WA KAZI

Mama, wewe unamjua baba kushinda sisi. Akirudi anashika bega au kiuno kila siku ya kazi, na siku ya kupumzika haumwi, usimkande kwa maji ya moto tu. Mwulize: «Mashine yako iko namna gani?» Kisha umtume kwetu, na atuambie saa ya maumivu yake.

Wakubwa wa kazi na mafundi, shofere akisema «asubuhi inakataa», msimcheke. Mtu aliyechekwa mara moja hatasema tena, na mashine itasema mahali pake. Amkeni mapema siku moja, mkapime pamoja naye saa ileile anayosema.

Kijana aliyevunjika mkono asubuhi ile alirudi kazini kisha miezi michache. Mkono wake haunyooki vizuri hata leo. Nikimkuta sokoni ananisalimu kwa mkono wa kushoto, naye anacheka. Mimi sicheki sana.

TUSISAHAU

— Mashine inayougua asubuhi, ipimwe asubuhi.
— Mafuta ni yale ya kitabu, si yale yaliyo karibu.
— Upepo wa magurudumu upimwe mbele ya safari.
— Usukani mzito: usitoke, sema, andika.
— Kidole si chombo cha kutafutia tundu la mafuta.
— Mbabula na motere inayowaka havikai ndani ya chumba kilichofungwa.

Baridi njema, wandugu, na kila mmoja arudi nyumbani mzima kama alivyotoka.

Msaidizi wa munganga